Mikono Minne

Ilikuwa sauti ya mumewe.

Wiki nzima mmekuwa mkiniuliza, wasomaji wangu, ni mwanamume gani yule aliyesikika akimpiga kiongozi wa watalii. Basi leo sifichi. Mke huijua sauti ya mume wake hata akikohoa katikati ya soko. Dorina aliposikia kwenye spika ya sikio lake, "Piga kelele nikukate ulimi," alijua papo hapo. Ni Ruggero. Ni baba wa mtoto wake.

Na mtoto alikuwa naye.

"Kunywa kahawa yako, mpenzi," Ruggero alikuwa amemwambia muda mfupi tu uliopita, akikisukuma kigari cha mtoto kuingia vichochoroni. "Mimi nitamzungusha Delia hadi alale."

Delia. Miezi saba. Meno mawili ya chini.

Kahawa ikamponyoka Dorina mkononi. Kwenye kile kiwanja kidogo cha Genova, watalii wenzake wa Torino walikuwa wameganda, kila mmoja na kidude chake cheusi shingoni na spika sikioni. Safari yao ya meli iliishia Livorno. Juzi basi liliwapeleka Pisa, jana Lucca, leo Genova, na jioni treni ya nyumbani. Kiongozi wao, Nives, aliwavalisha vidude vile ili wamsikie hata kwenye msongamano. "Lakini msinisogelee mkiwa mmepandisha sauti," aliwatania asubuhi. "Vitapiga mluzi hadi paka wa Genova wahame!"

Akawapa mapumziko, akaenda zake, akasahau kuzima maiki ya kwenye kola.

Kosa hilo kila kiongozi wa watalii amewahi kulifanya, na kwa kawaida huishia vicheko. Hata leo walianza kwa kucheka. Walimsikia akijisemea, "Ee Bikira Maria, nitoe miguu hii unipe mingine. Na yule Bi Ersilia na debe lake la mafuta ataniua leo." Bi Ersilia mwenyewe, mwenye debe, alicheka hadi akashika ubavu.

Kisha wakasikia kofi.

"Iko wapi simu yako?" Sauti ya Ruggero ilikuwa tulivu, kama anauliza chumvi mezani.

"Simu gani jamani? Unaniumiza!"

Kishindo. Kitu kigumu kwenye nyama laini.

"Uliahidi asubuhi, mbele ya watu wote. Video ya machweo ya jioni ya mwisho melini. Utamtumia kila mtu. Nani alikuomba?"

"Ni desturi yangu! Kila kundi nalitumia video ya mwisho! Wala sijaiangalia!"

"Na hutaiangalia."

Kishindo kingine. Mama mmoja pale kiwanjani aliing'oa spika yake akaanza kutapika.

Dorina aliangalia meza. Simu ya Nives ilikuwa pale, mbele yake. Nives alimpa kwa mkono wake: "Humo mna picha za Delia nilizompiga melini, mama. Chagua, jitumie." Ruggero alikuwa ameshageuka na kigari chake. Hakuona.

Dorina aliichukua. Akaipata video. Jua, bahari, kicheko cha Nives. Lakini pembeni, kwenye sitaha ya chini, mdogo kama kidole, alisimama mzee Amedeo wa Asti. Yule waliyeambiwa kwamba alilewa, akaanguka baharini peke yake.

Hakuwa peke yake. Mikono ilitokea nyuma yake. Miwili ilivaa shati la mistari ambalo Dorina alilipiga pasi mwenyewe. Na miwili mingine.

"Ni mikono minne," Bi Ersilia alinong'ona juu ya bega lake. "Mwanangu, hapo kuna watu wawili."

Dorina aliweka vidole aikuze ile picha. Kiganja kipana kikashuka kikaifunika.

"Zima hiyo, mama. Tusipoteze muda." Alikuwa Afande Ottorino, askari mstaafu, mzee wa heshima mwenye magoti mabovu. Kule Pisa hakuthubutu kupanda mnara. Alibaki chini akilinda mikoba ya wote. "Nipe simu niihifadhi. Huo ni ushahidi."

"Nitaishika mwenyewe, Afande. Mwanangu yuko kule!"

"Sawa, sawa. Nimeshawapigia wenzangu, wako njiani." Akapiga makofi kama yuko kambini. "Sikilizeni! Vidude hivi havifiki mbali, kwa hiyo wako karibu. Tugawane. Sauti ikiwa safi, umekaribia. Ikiharibika, umepotea. Dorina, wewe teremka, fuata njia ya bandarini. Ersilia, nenda kule kanisani. Mimi na magoti yangu nitajikongoja hapa hapa jirani."

Dorina hakungoja amalize. Akaisukuma simu mfukoni, akapandisha sauti ya kidude hadi mwisho, akakimbia.

Aliteremka kichochoro chembamba ambacho angeweza kugusa kuta zote mbili. Akapita wauza samaki, akapita mwanamke aliyekuwa akianika mashuka. Sikioni Nives alikuwa akilia. Halafu kilio kikaanza kukwaruza. Halafu ikabaki sauti kama mafuta yanayokaanga.

"Siko huku," Dorina alisema. "Siko kabisa." Akageuka.

"Kulikoni, bibie?" muuza samaki alimuuliza. "Umeibiwa?"

"Mtoto!" Akampita.

Akapanda tena. Mkwaruzo ukapungua. Afande amekosea, aliwaza. Mzee wa watu, amechanganyikiwa kama mimi.

Ndipo Nives alipobadilika.

Bila shaka aliiona ile taa ndogo ya maiki, kwamba ilikuwa bado inawaka. Maana sauti yake, iliyokuwa ya kulia, ghafla ikawa ile ya asubuhi, ile ya kuongoza watu.

"Utaniua hapa, Ruggero? Chini ya Bikira Maria asiye na kichwa? Kwenye mlango wake mkubwa, penye kiota cha njiwa?"

"Unaongea na nani wewe?"

"Nasali tu."

"Salia moyoni." Kikasikika kitambaa kikichanika, kisha mtu akihema kwa pua. Alikuwa amezibwa mdomo.

Bikira Maria asiye na kichwa! Dorina alizunguka mahali pale pale kama kuku aliyeonjeshwa kisu. Genova, kila kona ina Bikira wake ukutani. Asubuhi Nives aliwaonyesha na kuwaeleza mmoja mmoja. Dorina hakusikia hata neno, kwa sababu Delia alikuwa analia ufizi.

"Mwanangu! Dorina!"

Bi Ersilia alitokea kwenye ngazi za kanisa, uso mwekundu, koti zito la sufu likipepea, na debe lake la mafuta ya zeituni la Lucca likimgonga mguuni. Alilibeba tangu jana. Aliapa kwamba hamwachii dereva wa basi yeyote.

"Asiye na kichwa namjua!" alipaza sauti. "Nilimwambia Nives asubuhi, mimi pale sokoni Porta Palazzo hata kuku simuuzi bila kichwa, itakuwaje Mama wa Mungu? Ni hapo nyuma ya kinyozi! Nifuate!"

Wakakimbia, mwanamke wa miaka sabini mbele, mama kijana nyuma. Sauti ikazidi kuwa safi. Dorina alisikia viatu juu ya jiwe. Alisikia magurudumu ya kigari. Alisikia mlango ukilalamika, na Ruggero akisema kwa mtu, "Mbona umechel—"

Ikakatika hapo hapo. Haikuzimika, la. Ilikuwa kama mtu ameifunika maiki kwa blanketi.

Halafu Delia akalia.

Kile kilio chake cha njaa, kinachoanza chini na kupanda. Kifua cha Dorina kikajaa maziwa pale pale barabarani. Akang'oa spika sikioni.

Kilio kikaendelea.

Kilikuwa hewani. Kilitoka nyuma ya mlango mkubwa wa mbao ulioachwa wazi kidogo, na juu ya mlango ule, ndani ya kijumba cha jiwe, alisimama Bikira Maria bila kichwa, njiwa akiatamia mabegani pake.

"Ngoja, tuwasubiri hao askari," Bi Ersilia alihema.

Kilio kikakoma. Ghafla, kama kimezibwa.

Dorina aliusukuma mlango akaingia.

Ukumbi wa jumba lile la kale ulikuwa na giza na harufu ya paka. Katikati ya sakafu kulikuwa na kisima cha zamani kilichofunikwa kwa vyuma. Mbele yake ngazi pana za jiwe jeusi zilipanda, zikajizungusha kwenda juu, ghorofa juu ya ghorofa.

Nives alikuwa amelala ngazi za kwanza. Jicho moja limefumba, pua imevunjika, mdomoni amejazwa ile bendera yake nyekundu ya kuongozea watalii. Na juu kidogo, pale ngazi zinapopumzika, alisimama Ruggero. Shati safi. Vifundo vya vidole vina damu. Mguu wake mmoja ulizuia gurudumu la kigari cha mtoto, na kigari kilikuwa kimeinama tayari kuteremka, paa lake limefunikwa kwa shali ya bluu ya Delia.

"Mpenzi," alisema. "Nilikwambia unywe kahawa."

"Nipe mtoto wangu."

"Mwanamke huyu ni mwizi. Kaniibia. Nenda kiwanjani, nakuja."

"Nimekusikia, Ruggero. Tumekusikia wote, basi zima. Maiki ilikuwa wazi."

Kwa mara ya kwanza uso wake ulitikisika. Alimtazama Nives, kisha akatazama juu ngazini, kisha akacheka.

"Basi umejua. Na simu?"

"Ninayo mimi." Dorina aliitoa, akaiinua.

Nives akaanza kutikisa kichwa kama mwenda wazimu. Alitikisa, akagugumia ndani ya bendera, jicho lake moja likikimbilia kwenye kigari na kurudi. Dorina alidhani anamkataza kutoa simu. Angalielewa, msomaji, angalielewa!

"Iweke chini," Ruggero alisema.

"Mtoto kwanza."

"Dorina. Miaka mitatu tumeoana, lini nimebishana nawe ukashinda?"

Akainua mguu.

Kigari kikateremka. Kikagonga ngazi ya kwanza, kikaruka, kikapinduka, na Dorina alijirusha chini yake kwa mwili mzima. Chuma kikampasua mdomo. Kidole chake kikavunjika na akakisikia kikivunjika. Simu ikamtoka, ikateleza kwenye sakafu kama samaki, ikapenya kati ya vyuma vya kisima.

Chubwi.

Hakujali. Aliivuta ile shali, akaingiza mikono yote miwili.

Mfuko wa nepi. Chupa. Mto.

Hakukuwa na mtoto.

"Yuko wapi?" Hata yeye hakuitambua sauti iliyomtoka. "Ruggero, yuko wapi?"

Ruggero alikuwa tayari juu yake. Alimshika koo kwa mikono miwili, ile ile aliyoiona kwenye video, akamgandamiza kwenye vyuma vya kisima. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Ulikuwa uso wa mtu anayefunga kifuniko cha chupa.

"Umeitupa," alikuwa akisema. "Mpumbavu. Umeitupa."

Dorina alimkwangua macho. Alimng'ata kifundo hadi meno yakagusa mfupa. Giza likaanza kuingia kutoka pembeni.

Ndipo debe la mafuta ya Lucca liliposhuka.

Liligonga kisogo cha Ruggero kwa mlio kama kengele mbovu. Mikono ikalegea. Bi Ersilia akalinyanyua tena.

"Hili la mama wa Delia!" Likashuka. "Hili la Nives!" Likashuka, na kifuniko kikafyatuka, mafuta ya kijani yakamwagika kichwani kwake, shingoni, sakafuni, kwenye ngazi. "Mafuta yangu ya mwaka mzima hayo, shetani wewe!"

Ruggero alisimama akiyumba. Alimpiga Bi Ersilia kofi lililomtupa ukutani. Akatoa kisu cha kukunja mfukoni, akakifungua. Lakini Nives, aliyedhaniwa amekwisha, alikuwa amejikokota hadi kwenye fimbo yake ya chuma, ile anayoinua juu ili kundi lisipotee. Akaisukuma kwa nguvu zake zote kati ya miguu ya Ruggero.

Alitaka kuruka. Viatu vyake vizuri vikakanyaga mafuta.

Akaanguka chali. Ukingo wa ngazi ya jiwe jeusi ulimpokea nyuma ya shingo, na ule mlio ulikuwa mdogo tu, kama mtu anavunja mkate mkavu.

Hakuinuka. Damu ilitoka taratibu, ikachanganyika na mafuta.

Bi Ersilia aliifanya ishara ya msalaba, akatema mate. "Mungu anisamehe," alisema, "nikipata nafasi ya kumwomba."

Dorina hakutazama. Hakulia pia. Kumlilia mumewe kungengoja siku nyingine, au kusingekuwapo kabisa. Alikuwa anapapasa kifuani, akiitafuta ile spika iliyokuwa ikining'inia. Akairudisha sikioni kwa vidole vinavyoteleza damu.

Mwanzoni ulikuwa ukimya. Kisha akasikia kitambaa kikisugua. Moyo wa mtu ukipiga. Na karibu kabisa, kama yuko begani pake, kwikwi ndogo. Ile kwikwi ya Delia baada ya kulia sana.

Alikuwa hai.

Nives aliitoa bendera mdomoni pamoja na jino. "Nilikuwa nakwambia," alilia. "Nilikuwa nakwambia hayumo! Amekuja mwingine. Kamchukua na maiki yangu kimya kimya, hakujua pa kuizima, kaisokomeza kwenye blanketi la mtoto. Dorina, ni yule—"

"Umefika mbali, mama," ilisema sauti. "Lakini ishia hapo."

Ilimfikia mara mbili. Mara moja sikioni, na mara moja kutoka juu.

Dorina alienda katikati ya ukumbi akainua uso. Ngazi zilijizungusha zikiacha tundu katikati, tundu refu kama bomba la moshi. Na kule ghorofa ya nne, akiwa ameegemea kizuizi cha chuma, alisimama Afande Ottorino. Yule ambaye magoti yake hayakuweza hata ngazi za basi. Hakuwa anahema hata kidogo.

Delia alikuwa mkononi mwake, ndani ya blanketi la njano, nje ya kizuizi, juu ya tundu.

"Askari hawaji," Bi Ersilia alisema polepole. "Hakumpigia mtu."

"Huyo mjinga kafa?" mzee aliuliza.

"Kafa," Dorina alijibu.

"Afadhali. Alikuwa na mdomo mwingi. Sasa niletee simu, mama. Uje peke yako, na usikimbie. Mkono wangu ni wa kizee."

Simu. Dorina alikitupia jicho kisima. Maji meusi chini ya vyuma. Huko juu Afande hakuona ilikoangukia. Hakujua.

Kifuani mwake kilining'inia kile kidude cha kumsikilizia Nives. Cheusi, bapa, kinajaa kiganjani. Aliufungua utepe wake, akakiinua katika lile giza.

"Hii hapa, Afande."

"Panda."

Akapanda. Akaruka mwili wa mumewe, akashika ukuta pale penye mafuta. Chini yake, Bi Ersilia alivua koti lake zito la sufu. Akampa Nives ncha mbili, akashika mbili. Wakasogea chini ya tundu, mmoja jicho limefumba, mwingine mdomo unavuja damu, wakalivuta likakaza.

Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Kwikwi sikioni. "Mama anakuja," Dorina alinong'ona. "Mama anakuja, kipenzi."

"Usiseme naye," alisema mzee. "Atajitikisa."

Ghorofa ya tatu. Sasa aliona vidole vya miguu ya Delia, wazi, soksi moja imepotea. Akaichomoa spika sikioni aweze kumsikia kwa masikio yake mwenyewe, akaikunja pamoja na kidude ndani ya kiganja. Ngazi chache tu zilibaki. Mzee alinyoosha mkono wake mtupu.

"Lete."

Dorina akanyoosha wake.

Maiki ilikuwa ndani ya blanketi. Sauti ya kidude ilikuwa bado imepandishwa hadi mwisho.

Vilipokaribiana, vikapiga mluzi.

Mluzi mkali, mrefu, uliojaza jumba lote kutoka kisimani hadi paani. Njiwa wakaruka mlangoni. Delia akapanua macho. Afande Ottorino akakitazama kile kitu kilichokuwa mkononi mwa Dorina, akakielewa, na uso wake wote wa heshima ukaondoka.

Aliutazama mkono wa Dorina uliofumbata uongo.

Kisha akaufumbua wake, ule uliomshika Delia.